Kisu na Koo: Historia ya Sauti Iliyokatwa, Kutoka Kinyume cha Unguja hadi Mbulu na Hanang



Yamkini wengi mliofika hapa mlitarajia nizungumzie utenzi au arudhi, kwa kuwa hayo ndiyo niliyozeeka nikiyafundisha. Arudhi nitaigusa, lakini kwa njia ya mzunguko. Naomba mniruhusu nianze na bibi mmoja wa Dongobesh, katika Wilaya ya Mbulu.

Mjukuu wa bibi huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Mchana alisoma isimu. Usiku alitengeneza muziki wa kompyuta, ule unaojengwa kwa midundo na vipande vifupi vya sauti ya mtu, silabi moja hapa, pumzi moja pale, vikirudiwarudiwa hadi maneno yapotee na ibaki rangi ya sauti tu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akikata sauti za watu halisi. Mwaka 2024 alipata programu ya akili mnemba ambayo mtu huiandikia maneno, nayo ikaimba. Akaiandikia maneno ya Kiiraqw, lugha ya kwao, akapokea uimbaji, akaukatakata, akautia kwenye mdundo. Alipokwenda likizo alimsikilizisha bibi yake. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa Kiiraqw maneno ambayo mjukuu alinitafsiria hivi: mtu huyu hana koo.

Kijana alidhani ni mzaha. Mimi niliona kuwa bibi ametoa uchambuzi wa kifonetiki ulio sahihi, na sehemu kubwa ya mhadhara huu ni jaribio la kuueleza kwa lugha ya darasani.

Kwanza neno moja kuhusu istilahi. Chombo hiki wengine hukiita akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Mimi natumia la mwisho kwa sababu ndilo nilisikialo zaidi midomoni mwa wanafunzi wangu. Sina ugomvi na wanaotumia mengine. Ama kazi yenyewe ya kukata, vijana wa studio husema kwa urahisi kwamba wanakata sauti, nami sioni haja ya kuwabunia neno kubwa zaidi.

Koo lililokosekana

Wilaya za Mbulu na Hanang, zilizokuwa Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, ni mahali ambapo mwanaisimu hujihisi tajiri. Katika nyanda za juu za Mbulu huzungumzwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Kuuzunguka Mlima Hanang, na katika mbuga za Basotu, wako Wadatoga, hususan Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Katika Bonde la Yaeda wako Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko ambayo wataalamu wengi leo huiona kuwa haina jamaa anayejulikana. Juu ya zote hizo kimetandaa Kiswahili, lugha ya shule, ofisi na mnada.

Ni vyema tukumbuke kwamba taaluma yetu ya Kiswahili ina deni la zamani katika milima hiyo. Wilfred Whiteley, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu kukua kwa Kiswahili kuwa lugha ya taifa, alichapisha masomo yake juu ya Kiiraqw mwaka 1953 na maelezo ya sarufi yake mwaka 1958. W. D. Kamera alitupatia hadithi za Wairaqw kwa Kiswahili mwaka 1978. Sarufi kamili zaidi ni ile ya Maarten Mous ya mwaka 1993. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba lugha hii haikuandikwa. Imeandikwa vizuri. Aliyeshindwa kuisoma ni mashine.

Tazama jinsi inavyoandikwa. Neno la mwanamke ni /ameeni. Mkwaju ule wa mwanzo ni konsonanti kamili, itamkwayo kwa kubana koromeo, jamaa ya karibu ya ayn ya Kiarabu. Neno la mwanamume ni hhawata, na hh yake ni ha nzito ya koromeo, ile ambayo wazee wa pwani waliosoma chuoni huitamka bila shida. Herufi sl ni sauti moja, hewa ikipita kandokando ya ulimi. Tl na ts ni sauti zinazofyatuliwa huku glota imefungwa. Q hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa. Sasa mpe maandishi haya msomaji aliyefunzwa kwa Kiingereza, na labda kwa Kiswahili kidogo. Mkwaju ataudhani alama ya uakifishaji, ataupita. hhawata itakuwa hawata, kama mtu aliyeanza kukanusha wakati ujao kwa Kiswahili akakatiza. sl itagawanywa kuwa s na l. q itakuwa k. Kila konsonanti iliyotoka kooni imeondolewa, na kilichobaki ni Kiiraqw kilichotamkwa na midomo na ncha ya ulimi. Ndipo bibi aliposema mtu huyu hana koo. Sijui mwanafonetiki angeongeza nini.

Lakini kosa la kusoma ni nusu ya jambo. Nusu ya pili iko katika kukata, na ili tuielewe hatuna budi kurudi nyuma, mbali kuliko kompyuta.

Kisu kabla ya umeme

Askofu Edward Steere alipochapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alitia mwishoni mifano ya kinyume, mtindo wa kusema kwa mafumbo ambao wenyeji waliucheza kwa kuchukua silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mwanzo. Nyumba huwa mbanyu. Kitabu huwa bukita. Mtoto huwa tomto, na hapo m inahesabiwa silabi yenyewe, jambo ambalo mtoto wa Unguja alilijua bila kufundishwa fonolojia. Kinyume ni ukataji wa sauti. Mtu anachukua neno, analikata mahali maalumu, anapanga upya vipande, na msikilizaji anasikia kitu kipya chenye harufu ya kile cha zamani.

Mchezo huu unawezekana kwa wepesi kwa sababu silabi ya Kiswahili aghalabu iko wazi: inaishia kwa irabu, ina mwanzo na mwisho unaosikika, na kila moja inasimama peke yake kama tofali. Ndiyo sababu washairi wetu huhesabu mizani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na mghani mzuri hukata pumzi yake hapohapo penye kituo. Ni sadfa tu, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akaiandikie tasnifu, lakini mashine ya midundo ya Roland TR-808 iliyotoka mwaka 1980 ina hatua 16, na sampla ya Akai MPC60 ya mwaka 1988 ina vitufe 16 vya kupigia vipande vya sauti. Prodyuza wa Kiswahili aliyeketi mbele ya vitufe hivyo aliketi mbele ya mshororo.

Umeme ulipokuja, kisu kilikuja nao. Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, wimbo wa taarabu uliozoea kujinyoosha usiku kucha ulilazimika kuenea katika santuri ya kasi 78, ambayo upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu. Aliyekata hapo alikuwa mwimbaji mwenyewe: alichagua beti za kuimba na za kuacha. Huo ulikuwa mkato wa kwanza wa kibiashara katika sauti ya Kiswahili, na mwenye sauti alikuwamo chumbani.

Mkato ambao mwenye sauti hayumo chumbani nao una asili ya Afrika, jambo ambalo vitabu vingi vya historia ya muziki wa elektroniki vimechelewa kulikiri. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Cairo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi sherehe ya wanawake ya zar, akarudi studio na kuzichuja zile sauti, akiondoa sehemu fulani na kuziongezea mwangwi hadi zikawa kitu kingine. Hii ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa kutoa kazi yake ya sauti za treni, ambayo ndiyo hutajwa kama mwanzo. Zar, kama mjuavyo, ni ngoma ya pepo. Kwamba sauti ya kwanza kuchukuliwa na kugeuzwa kwa umeme ilikuwa ya watu waliokuwa wakizungumza na pepo, hilo nimelitafakari mara nyingi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili tepu ya sumaku ilienea, na ukataji ukawa kazi ya wembe: fundi hukata utepe kwa mshazari, akaunganisha ncha mbili kwa gundi. Vituo vyetu vya redio vilifanya hivyo kila siku ili kuondoa kikohozi katika hotuba. Zikaja sampla za dijitali kuanzia mwaka 1979, bei yake kama ya nyumba, kisha za bei nafuu, kisha kompyuta ikameza zote.

Nitasimama kidogo kwenye singeli, kwa maana hapo Kiswahili kilipata kisu chake. Katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, vijana walichukua vipande vya taarabu na ala za kinanda, wakaviongeza kasi hadi mapigo 200, na wengine 300, kwa dakika. Ukikimbiza utepe au faili kwa njia ya kawaida, sauti nayo hupanda. Mwanamke mtu mzima huimba kama mtoto, na mtoto kama ndege. Kinachotuhusu wanaisimu ni kwamba hata kwa kasi hiyo maneno ya Kiswahili hukataa kufa. Kata ki, ta na bu, uzipige mara kumi kwa sekunde chache, na msikilizaji wa kigodoro bado ataunganisha. Mkusanyiko uliotolewa Kampala mwaka 2017 kwa jina la Sounds of Sisso ulipeleka mtindo huu Ulaya, na wasikilizaji wa huko wakaushangilia kwa kasi yake. Kwangu mimi, ustahimilivu wa silabi wazi ulistahili makofi mengi zaidi.

Mashine inakata wapi?

Sasa tunaweza kulirudia swali la Mbulu. Vyombo vya akili mnemba vinavyotumika leo katika kukata sauti hufanya kazi za aina tatu. Kuna vinavyotenganisha sauti ya mwimbaji na ala, kama Spleeter ya kampuni ya Deezer na Demucs ya Facebook, zote za mwaka 2019. Kuna vinavyotafuta penye mwanzo wa kila kipande na kupiga kisu wenyewe. Na kuna vinavyobuni sauti kutoka katika maandishi, kama Suno na Udio, ambavyo mwezi Juni 2024 vilishtakiwa Marekani na kampuni kubwa za muziki kwa madai ya kujifunzia nyimbo bila idhini.

Kisu cha kiotomatiki aghalabu hufuata mpando wa ghafla wa nguvu ya sauti. Kwa Kiswahili hilo hufaa: konsonanti hufunga, irabu hufungua, mpando unaonekana, kisu kinashuka mahali ambapo hata mwalimu wa mizani angekishusha. Lakini chukua tl ya Kiiraqw. Ulimi unafyatuka, glota bado imefungwa, panatokea ukimya mfupi sana, ndipo irabu inaanza. Mashine inaweza kuona mianzo miwili, ikakata katikati ya konsonanti, na kichwa cha silabi kikatupwa kama mlio wa kijiti. Chukua mkwaju wa /ameeni. Huo hauna mpando. Ni sauti iliyobanwa inayoteleza moja kwa moja kuingia katika irabu. Mashine haitaona kitu, na kisu kitashuka palipochelewa. Vidoko vya Kihadza navyo hupendwa mno na visu hivi, kwa kuwa kila kidoko ni kishindo safi. Matokeo yake ni kwamba konsonanti za watu hugeuzwa kuwa ngoma, na prodyuza asiyejua hudhani amepata ala mpya.

Katika Kidatoga tatizo linahama kutoka kwenye mkato hadi kwenye kimo. Lugha hiyo hutumia toni kuonyesha kama nomino ni mtenda au la. Neno lilelile, konsonanti zilezile, toni tofauti, kazi tofauti katika sentensi. Sasa vipande vya sauti katika muziki huu karibu daima hunyooshwa viendane na noti za kinanda, kazi ambayo programu ya Auto-Tune iliifanya iwe rahisi tangu mwaka 1997. Mwanamke wa Kibarabaig anayeimba kuhusu aliyepiga na aliyepigwa anaweza, baada ya kunyooshwa, kubaki na watu wawili wasiojulikana nani ni nani. Nimesikia hoja kwamba katika muziki wa dansi hakuna anayejali. Wako wanaojali, wanaishi Katesh na Basotu, na wana simu.

Kuna jitihada za kurekebisha mambo. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulianza kukusanya sauti za Kiswahili zilizotolewa kwa hiari. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitangaza mfumo uliofunzwa kwa lugha zaidi ya 1,100, na rekodi zake nyingi zilikuwa usomaji wa Agano Jipya. Tusilidharau hilo. Lakini fikirini maana yake: katika lugha nyingi ndogo, sauti ambayo mashine inaijua ni ya mtu mmoja anayesoma maandiko kwa unyenyekevu ndani ya chumba kimya. Mashine hiyo haijasikia mtu akicheka wala akinadi ng'ombe, na haijapata kuitikiwa.

Kuitikiwa ndiko kulikonileta kwenye kaseti zangu.

Kaseti kumi na moja

Mwaka 1996 nilikwenda katika vijiji vilivyo kati ya Daudi na Dongobesh kurekodi slufay. Kwa wasioifahamu, slufay ni utanzu wa baraka na sala wa Wairaqw, unaoghaniwa na mzee mmoja mbele ya watu, akiwaombea mvua, watoto, mifugo na amani, akimtaja Looa, ambaye ni jua na ni mama, na kuwakinga watu na neetlaang, pepo wa majini. Mzee hughani kifungu, na watu waliokaa huitikia kwa pamoja. Hughani kingine, wakaitikia. Nilirekodi kaseti 11 kwa kinasa sauti cha mkononi. Niliomba idhini kwa mdomo, kama ilivyokuwa desturi yetu wakati huo, nikisema ni kwa ajili ya masomo. Wazee wakakubali. Wengi wao wamekwisha kufariki.

Mwanafunzi wangu aliposhindwa na sauti ya mashine, alinijia na ombi lililokuwa na mantiki kamili. "Mwalimu, kumbe sauti zenye koo unazo wewe." Alitaka kuzikata.

Nilijiuliza nina haki gani ya kumpa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi na inataka kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa kwa matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya jadi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imetufanya sote tuitazame sauti ya mtu kwa tahadhari zaidi. Hata hivyo baraza lililoko Dar es Salaam halikuwapo kwenye ule mkeka. Na sisi wa nyaraka tuna rekodi mbaya. Mwaka 1992 kundi la Deep Forest la Ufaransa lilitoa wimbo uliopata umaarufu mkubwa, uliojengwa juu ya bembelezi la mwanamke aitwaye Afunakwa wa Visiwa vya Solomon, lililokuwa limerekodiwa na mtafiti Hugo Zemp mwaka 1970 kwa ajili ya elimu. Mwanamuziki mwingine akaupiga mwaka 1996 na kuuita wimbo wa Mbilikimo. Kutoka Pasifiki hadi misitu ya Kongo kwa kosa la jina! Sauti ilitoka kwenye nyaraka za kitaaluma. Mlango uliachwa wazi na watu kama mimi.

Hanang kuna mfano ulio karibu zaidi, ingawa hauhusu muziki. Tangu miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, kwa msaada wa Kanada, lilichukua takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig katika mbuga za Hanang kwa kilimo cha ngano. Katika eneo hilo yalikuwamo makaburi ya bung'eda, vilima ambavyo Wabarabaig huwajengea wazee wao wa heshima katika mazishi ya miezi mingi, yenye nyimbo na wageni kutoka mbali. Matrekta yalilima juu ya baadhi yake. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikaugeuza mwaka 1985. Charles Lane ameieleza habari hii kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1996. Ninachotaka mkione ni jinsi lilivyowezekana. Dereva wa trekta aliona udongo ulioinuka kidogo. Hakuna kilichoandikwa juu yake. Kwa jicho lisilojua kusoma mahali, kaburi la mzee na kichuguu ni kitu kimoja, kama mkwaju wa /ameeni na alama ya uakifishaji.

Sikumpa mwanafunzi kaseti. Sikumnyima pia. Tulipanda basi hadi Mbulu, tukaenda kumtafuta mtoto wa mzee aliyeghani kaseti ya nne, ile iliyo safi kuliko zote. Tulimpata, mtu wa makamo, mkulima wa ngano na maharage. Tulimwamkia, tukaeleza shida yetu, naye akaagiza chai na kuita ndugu. Kijana akafungua kompyuta. Alikuwa amekwisha kuandaa mfano mfupi: sauti ya marehemu peke yake, imesafishwa, vipande vinne vikizunguka juu ya mdundo wa taratibu. Kuisafisha kulifanywa na ile programu ya kutenganisha, ambayo iliiona sauti ya mzee kuwa ndiyo uimbaji na kila kitu kingine kuwa kelele za kuondolewa.

Yule bwana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alimtambua baba yake katika kipande cha pili, kwa namna alivyobana neno. Kisha akauliza, "Watu wako wapi?"

Mwanafunzi hakuelewa. Bwana akaeleza kwa upole kwamba baba yake anasema, anasema tena, na hakuna anayemjibu. Mtu mzima anaombea nyumba yake baraka na nyumba iko kimya. Hiyo kwao si slufay, ni mtu aliyefiwa. Mjomba mmoja aliongeza kwamba kukata si neno, hata wao huruka vifungu pombe ikiwa imekwisha. Wakazungumza kwa Kiiraqw kwa muda mrefu. Jibu lao lilikuwa na sharti moja: kata utakavyo, mwanangu, lakini kila unapomkata mzee, waache watu waitikie.

Sharti hilo ni zito kitaalamu kuliko linavyosikika. Hakuna chombo kati ya vyote alivyokuwa navyo kijana huyu kilichoweza kulitimiza, kwa sababu vyote vilijengwa juu ya wazo kwamba sauti ni ya mtu mmoja na wengine ni mazingira. Ilimbidi arudi kwenye kaseti yenyewe na kukata kwa mkono, kama fundi wa redio na wembe wake, akisikiliza kwa koo la bibi yake: kabla ya mkwaju, baada ya ukimya wa tl, na daima pamoja na lile itikio linaloanza kabla mzee hajamaliza, hata mipaka ya vipande ikapandana. Kazi ya dakika tatu ikawa ya dakika saba. Akili mnemba aliitumia mara moja tu, kupunguza mngurumo wa mota ya kinasa sauti changu, na kwa hilo namshukuru.

Tuliirudisha Dongobesh mwaka uliofuata. Familia iliisikiliza mara tatu, na safari hii kazi yao ilikuwa kuwatambua waitikiaji: huyu fulani, huyu jirani aliyehamia Karatu, huyu shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni. Imebaki sauti moja, ya mwanamume, nyuma upande wa kushoto, inayochelewa kidogo kila mara. Wengine wanasema ni mgeni wa Kidatoga aliyelala pale usiku ule, wengine wanakataa. Kijana amesema hatautoa wimbo hadi wakubaliane, na nilipowapigia simu wiki iliyopita walikuwa bado wanabishana.